Mafuta na Gesi ya Zanzibar: Chumvi ya Ma'rib na Mikataba Isiyorudi Nyuma



Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipofungua duru ya kwanza ya zabuni za vitalu vya mafuta na gesi, vitalu vinane vya baharini, mwezi wa Machi 2024, masuali yanayotufikia juu ya jambo hili hayajakatika. Mengi ni ya haraka: yatatoka lini, na kila nyumba itapata nini. Lakini msomaji wetu mmoja kutoka Pemba ameuliza suali tuliloona linastahiki makala nzima. Anauliza: mali iliyo chini ya bahari yetu ni ya nani katika Shari'ah, na je, raia ana haki ya kujua inavyouzwa, au hilo ni la wakubwa peke yao?

Kwanza tukumbushane tulikotoka, kwani vijana wengi hawaijui safari hii. Kampuni za BP na Shell zilichimba visima vya majaribio Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na hazikupata mafuta ya biashara. Mapatano ya Muungano ya 1964 yalikuwa na mambo kumi na moja, na mafuta hayakuwamo. Yaliingizwa 1968, na leo yamo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Hapo ndipo pakawa na mvutano wa miaka mingi. Vitalu vya bahari ya Zanzibar ambavyo Shell walivitaka vikabaki bila ya kuguswa, kwa sababu haikujulikana nani mwenye kalamu ya kutia saini. Aprili 2009 Baraza la Wawakilishi, wajumbe wa pande zote kwa sauti moja, likaazimia mafuta na gesi yatolewe katika Mambo ya Muungano. Sheria ya Petroli ya 2015 ikaiachia Zanzibar isimamie ya kwake, na 2016 tukapata sera yetu na Sheria Namba 6 ya Utafutaji na Uchimbaji wa Mafuta na Gesi Asilia, aliyoitia saini Rais Dk. Ali Mohamed Shein. Zikaundwa taasisi mbili: ZPRA ya kudhibiti, na ZPDC ya kushika hisa na biashara ya Serikali. Oktoba 2018 ukasainiwa mkataba wa mwanzo, na kampuni ya RAK Gas ya Serikali ya Ras Al Khaimah, kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar.

Basi mvutano wa nani mwenye kalamu umetulia. Tunashukuru kwa hilo, na waliolipigania wana haki yao. Suali lililobaki ni zito kuliko lile: mwenye kalamu anaandika nini, na nani anamuona akiandika?

Maulamaa wetu walizungumza juu ya mafuta karne nyingi kabla ya kampuni hizi. Waliosoma Minhaaj ya Imaam An-Nawawiy wanakumbuka mlango wa kuhuisha ardhi. Pale anayataja madini ya dhahiri, yale yanayoonekana bila ya kazi kubwa ya kuyatoa, na katika mifano yake yamo mafuta, kiberiti, lami na mawe ya kusagia. Zama zile mafuta yalikuwa yakichuruzika yenyewe juu ya ardhi. Hukumu yake katika madhehebu yetu ya Kishafi'iy ni kwamba madini ya namna hii hayamilikiwi na mtu kwa kuyazungushia uzio, wala mtawala hana ruhusa ya kumkatia mtu peke yake. Madini yaliyofichika, yanayotaka kuchimbwa kwa gharama, yana hukumu nyengine na khilafu ndani yake. Wamaalik, kwa kauli iliyo mashuhuri kwao, walisema madini yote amri yake ni ya Imaam, hata yakitokea katika ardhi ya mtu, ili watu wasije wakauana kwa ajili yake. Maulamaa wengi wa zama hizi, wanapozungumzia petroli, wameegemea upande huo: ni mali ya umma, na Serikali ni msimamizi.

Asili ya haya yote ni kisa cha Abyadh bin Hammaal (Radhiya Allaahu 'anhu), kilichopokewa na Abu Daawuud na At-Tirmidhiy. Alikwenda kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akamuomba amkatie machimbo ya chumvi ya Ma'rib, kule Yaman. Mtume akampa. Alipogeuka kwenda zake, mtu mmoja katika kikao akasema kwamba alichopewa ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani kitu kilicho wazi ambacho watu wote wanakichota. Mtume akakirudisha.

Maulamaa wamekitumia kisa hiki kuthibitisha hukumu ya madini ya dhahiri, nasi tunawafuata. Lakini tuangalie namna jambo lilivyopita. Utoaji ulifanyika mbele ya watu. Katika hao watu alikuwamo anayeijua thamani ya kinachotolewa. Akasema, na hakuna aliyemwambia kuwa hayo si yake. Na kauli yake ilipokuwa na hoja, uamuzi ukabadilika papo hapo, naye aliyeubadilisha ni Mtume wa Allaah.

Leo mambo hayapiti hivyo, na hapa ndipo penye khofu yetu. Chumvi ya Ma'rib ilirudishwa kwa neno moja. Mkataba wa mafuta haurudishwi kwa neno. Mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji, ambao wenyewe wanauita PSA, unaweza kuwafunga watu kwa miaka ishirini na zaidi, na Serikali ikitaka kuuvunja hushitakiwa katika mabaraza ya usuluhishi ya nje na kudaiwa fidia. Nasi Waislamu tuna zaidi ya hilo: Allaah ametuamrisha kutimiza mikataba. Hatuwezi kusaini leo tukiwa tumefumba macho, kisha kesho tukajitoa kwa kisingizio kwamba tulipunjwa. Kwa hiyo yule mtu wa kikaoni, kama ana la kusema, lazima asikilizwe kabla ya wino kukauka.

Na atasema nini ikiwa haujui mkataba? Tueleze kwa ufupi unavyokwenda. Kampuni inatafuta kwa fedha zake. Ikikosa, hasara ni yake. Ikipata na kuanza kuzalisha, kwanza inajirudishia gharama zake kutoka katika mafuta au gesi yenyewe, kisha kinachobaki ndicho kinachogawiwa baina yake na Serikali. Anayejua mudharaba ataona sura inayofanana kidogo, ingawa si mudharaba kamili. Sasa watu wengi huuliza asilimia ya mgao tu, wakasahau gharama. Kampuni ikiandika kuwa imetumia mia wakati imetumia sitini, mgao wetu unaliwa kabla haujafika mezani, hata ukiwa asilimia tisini. Ndiyo maana tunasema mhasibu mmoja mwaminifu anayekagua vitabu vya gharama ana faida kwetu kuliko hotuba kumi za jukwaani.

Kuna kanuni ya fiqhi inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa chuo: hatua za mtawala juu ya raia zinafungwa na maslahi yao. Imaam Ash-Shaafi'iy ameiweka nafasi ya mtawala kwa raia sawa na ya msimamizi kwa mali ya yatima. Msimamizi wa yatima anaruhusiwa kuuza na kununua, lakini haruhusiwi kuuza kwa bei ya kutupa, na Suratun-Nisaa inamtaka aweke mashahidi anapokabidhi. Allaah Anamtosha kuwa Mwenye kuhesabu, na juu ya hivyo mashahidi wametakiwa. Basi asichukie kiongozi yeyote akiombwa mashahidi. Kuombwa si kutuhumiwa.

Shahidi wa zama zetu ni mkataba kuchapishwa. Bara kuna Sheria ya 2015 ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba itolewe hadharani, na mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi. Utekelezaji una yake, lakini msingi umewekwa. Kwetu tunaomba zaidi kidogo: mikataba itoke kwa Kiswahili pia. Sheria zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mvuvi wa Makangale hawezi kuwa shahidi wa karatasi asiyoielewa.

Tusidhani kutowaeleza watu ni jambo dogo. Mtwara, Mei 2013, watu walitoka barabarani kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Wakafa watu na mali zikaunguzwa. Bomba likajengwa na kukamilika. Pengine lilikuwa na hoja zake za kiuchumi, lakini watu wa kusini waliona linapita mlangoni kwao bila ya wao kuelezwa kwa lugha ya kuwatuliza watabaki na nini. Hatuungi mkono fujo. Tunasema tu kwamba fitna ile ilikuwa na mlango, na mlango huo ulikuwa unaweza kufungwa mapema.

Kwa visiwa, mfano ulio karibu zaidi na hali yetu uko mbali, katika bahari ya Pasifiki. Nauru ni kisiwa cha kilomita za mraba 21 tu. Kilikuwa na fosfeti, mbolea ya madini, na baada ya uhuru wa 1968 wananchi wake wakahesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia. Fedha zikawekwa katika mfuko, lakini mfuko ukaendeshwa ovyo: majengo ya nje, mikopo, hata mchezo wa kuigiza wa muziki kule London mwaka 1993 ulioanguka vibaya. Fosfeti ikaisha, jengo lao kubwa la Melbourne likaenda, na katikati ya kisiwa pakabaki miamba mitupu isiyoota kitu. Jirani zao wa Kiribati nao walikuwa na fosfeti katika kisiwa cha Banaba. Mfuko wao ulianzishwa 1956, uchimbaji ukakoma 1979, na mfuko upo hadi leo. Lakini wenyewe watu wa Banaba walikwishahamishiwa Rabi, katika visiwa vya Fiji, tangu 1945, na kisiwa chao kikachimbwa. Nchi ilifaidika, na wenye kisiwa wakapoteza. Hili Pemba na Tumbatu walifikirie.

Na kabla ya kufika mbali, tuna madini tunayoyamaliza sasa hivi kwa mikono yetu: mchanga. Anayepita Pangatupu au Donge Chechele ameyaona mashimo. Tunaulizwa mara nyingi na wenye eka zao: ardhi ni yangu, kwa nini nichukue kibali cha kuchimba mchanga wangu? Jawabu ni kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya 1992 ardhi ni ya umma na wewe una haki ya kuitumia. Na hata kwa fiqhi, ukichimba ukaharibu maji ya jirani na shamba la mwanao, umeingia katika dhara aliyoikataza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Kwa hiyo kuchimba kwa kificho usiku haijuzu. Lakini hukumu hiyo hiyo inamgeukia mtoa kibali: akimpa fulani kwa ujamaa na kumnyima mwengine, au akachukua kitu ili apitishe lori, hiyo ni rushwa, na mashimo yale ni mashahidi juu yake. Serikali ikitaka watu waiamini katika gesi iliyo chini ya bahari, ianze kuonyesha hesabu ya mchanga: umetoka kiasi gani, umelipiwa kiasi gani, na shimo gani limefukiwa.

Kwa wavuvi na akina mama wa mwani, maslahi yao yanatangulia ya gesi isiyojulikana bado kama ipo. Wakizuiliwa bahari kwa ajili ya utafiti, fidia ni haki yao, wala isiitwe msaada. Na ilipwe kwa kipimo wanachokijua wao: siku ngapi hawakutoka, dago gani halikukaliwa.

Jambo la mwisho kwa familia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na ikaanza kutumika 2004. Miaka thalathini. Tumesikia kuna wanaouza mashamba wakitegemea kazi za mafuta, na wengine wanaowaachisha watoto skuli. Mtoto aliyezaliwa leo ndiye yatima wa mfano wetu, na pengine ndiye atakayekuwa mkaguzi wa gharama tuliyemtaja. Asomeshwe hisabati, sheria na jiolojia pamoja na Qur-aan yake.

Ama suali la ndugu yetu wa Pemba: mali hiyo ni ya umma, waliopo na watakaokuja. Ana haki ya kujua inavyouzwa, na haki hiyo aidai kwa Mwakilishi wake wa jimbo, kwa adabu na kwa maandishi, kabla kitalu chochote katika vile vinane hakijasainiwa.

WaLLaahu a'lam.