Upweke wa theluji ni kazi ya mchoraji

Picha ya theluji ikiwa na mtu mmoja tu, wengi wetu huiita ya huzuni hata kabla ya kuitazama vizuri. Hukumu hiyo inampunja mchoraji. Mwaka 1811 Mjerumani Caspar David Friedrich alichora picha mbili za majira ya baridi. Katika ile iliyoko Schwerin, mzee amejiegemeza kwenye gongo katikati ya visiki na mialoni iliyokauka, na mbele yake hakuna njia wala nyumba. Katika ile iliyoko London, mtu ameegemea jiwe chini ya misonobari akiutazama msalaba, na magongo yake ameyatupa. Nyuma kanisa linachomoza ukunguni, na ukisogea karibu utaona majani machanga yakitoboa theluji. Theluji ni ileile, na mtu bado yuko peke yake, lakini wa kwanza amekata tamaa na wa pili amefika alikokuwa akienda.

Wapo watakaosema kwamba Friedrich alichora msiba wake, kwani mwaka 1787, akiwa na miaka 13, alifiwa na ndugu yake aliyezama barafu ilipopasuka. Ni kweli, na huenda msiba huo ndio uliomrudisha kwenye baridi mara kwa mara. Lakini aliyefiwa ndiye aliyezichora picha zote mbili, kwa hiyo msiba peke yake hauwezi kueleza kwa nini moja ina tumaini na nyingine haina. Jibu limo kwenye picha zenyewe: yale magongo, yale majani, lile kanisa.

Mfaransa Claude Monet alikwenda mbali zaidi. Katika picha yake ya mwaka 1868–69 hakuna mtu kabisa, ila ndege mmoja mweusi na mweupe ametua juu ya geti la miti, jua likilaza vivuli vya buluu kwenye theluji. Waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris waliikataa, ilhali ni picha yenye utulivu mtamu kuliko nyingi nizijuazo. Kwa upande wa pili, Pieter Bruegel mwaka 1565 alijaza bonde zima watu wanaoteleza kwenye barafu. Juu yao wanapita wawindaji watatu, vichwa chini, wametupa mgongo, na mawindo yao ni mbweha mmoja tu. Wako pamoja, wana mbwa wao, kijiji kiko hatua chache, na bado ni wapweke kuliko yule mtu wa London.