Gari la umeme: Chaji moja haifiki Ruangwa

MADINI ya kinywe ya Ruangwa na nikeli ya kilima cha Ntaka wilayani Nachingwea yamekuwa yakitajwa kwa zaidi ya miaka kumi kuwa ni mali ya kutengenezea betri za magari ya umeme. Lakini gari lenyewe, likiondoka Dar es Salaam alfajiri na betri iliyojaa, litalazimika kuchajiwa njiani kabla ya kuiona Ruangwa, na mengi ya mitumba ya bei nafuu hayatafika hata Nangurukuru.

Kwa mfanyabiashara wa korosho, ufuta au mbaazi anayehesabu gharama za safari, suala hilo si la kupuuzwa. Lita moja ya petroli ikichukuliwa kuwa shilingi 3,000 kwa mfano, gari dogo linalotumia lita nane kwa kilomita 100 linakula shilingi 24,000. Gari la umeme la ukubwa huo huo, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, hutumia yapata uniti 20 kwa umbali huo. Kwa bei ya TANESCO ya shilingi 356 kwa uniti kwa mteja wa kawaida, hiyo ni shilingi 7,120 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta watu, na ni tofauti ya kweli.

Tatizo liko kwenye umbali. Chukua Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, gari la umeme la mtumba linalojulikana zaidi kutoka Japan. Kipimo cha Kijapani cha JC08, ambacho wauzaji hupenda kukinukuu, kililipa gari hilo kilomita 400 kwa chaji moja. Marekani walipolipima kwa utaratibu wao walilipa kilomita 243. Gari ni lile lile na betri ni ile ile. Kipimo cha Japan kilifanyika kwa mwendo wa taratibu, wa mjini, wakati mnunuzi wa huku analitaka kwa barabara ya Kilwa.

Hapo ndipo gari la umeme linapotofautiana na la petroli. Mjini, kwenye foleni, linafanya vizuri kwa sababu kila linapopunguza mwendo hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Kwenye barabara kuu hakuna cha kurudisha, na adui anakuwa upepo. Anayeendesha baiskeli dhidi ya upepo anaijua shida hiyo. Nguvu ya hewa inayolikabili gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa inakaribia kuwa maradufu. Gari lililokuwa likitumia uniti 15 kwa kilomita 100 linaweza kufika 20.

Betri ya mtumba nayo si mpya. Ikiwa imebakiwa na uniti 32 zinazotumika, dereva mwenye busara hataimaliza yote. Ataacha asilimia kumi ya tahadhari. Akikimbia 110 kwa saa atapata kilomita 145 hivi, ambazo zinamfikisha Kibiti kwa mashaka. Akitulia kwenye 80, mwendo wa mabasi na malori, atapata zaidi ya 190 na kulivuka Daraja la Mkapa. Mbele yake bado kuna Kilwa yote na Lindi, kwani safari nzima ya Ruangwa ni takriban kilomita 600.

Je, achaji wapi? Soketi ya kawaida ya nyumba ya wageni hutoa kilowati mbili na kitu. Kwa safari nzima ya mwendo wa 80, inayohitaji uniti 90, akiondoka na 32 atahitaji karibu 60 za njiani, na hizo ni zaidi ya saa 25 kwenye soketi. Basi la petroli au dizeli linafika siku hiyo hiyo. Chaja ya haraka ya kilowati 50 ingeipunguza kila kituo kuwa chini ya saa moja, lakini mzigo wake kwenye nyaya ni sawa na pasi za umeme 40 zilizowashwa pamoja. Mikoa ya Lindi na Mtwara kwa miaka mingi imetegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, nje ya Gridi ya Taifa, na wakazi wake wanazifahamu fika siku za mgawo. Kadhalika, chaja za haraka hupunguza kasi betri ikishafika asilimia 80, kwa hiyo hatua za pili na za tatu za safari huwa fupi kuliko ya kwanza. Hilo wauzaji hawalisemi.

Barabara yenyewe nayo ina mambo yake. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo eneo la Somanga, magari yalikwama kwa siku kadhaa. Mwenye dizeli aliweza kuletewa dumu. Umeme haubebwi kwenye dumu.

Kwa mkulima lililo kubwa zaidi ni lori. Korosho za wanachama wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, zinapouzwa mnadani, mnunuzi huwa amekwisha kupiga hesabu ya kuufikisha mzigo bandarini Mtwara, na hesabu hiyo hujitokeza kwenye bei anayotoa. Kutoka Nachingwea kupitia Masasi ni karibu kilomita 245. Semitela ya umeme yenye mzigo hutumia zaidi ya uniti moja kwa kila kilomita, hivyo ingehitaji betri ya uniti 300 na ushee kwa safari ya kwenda tu. Betri ya namna hiyo ina uzito wa tani mbili au zaidi, na mizani ya barabarani haiulizi kama tani hizo ni betri au korosho. Nachingwea iliwahi kuwa na reli ya kwenda Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa mzigo mzito wa umbali huo, reli ingekuwa na hoja nzuri kuliko betri.

Mambo hayo ya umbali ndiyo pia yanayoamua bei ya madini ya wilaya hizi. Kinywe hakikwepeki kirahisi: gari moja la umeme hubeba kilo 50 hadi 70, na ndiyo sababu ya kujengwa mgodi wa Lindi Jumbo wilayani Ruangwa kwa lengo la tani 40,000 kwa mwaka, na ya mkataba wa Aprili 2023 wa mradi wa Chilalo ulioipa Serikali hisa asilimia 16. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha betri husafishwa China, na faida kubwa iko huko. Nikeli ni habari nyingine. Hutiwa kwenye betri ili gari liende mbali zaidi, lakini viwanda vya China vimegeukia betri za chuma na fosfati zisizotumia nikeli kabisa, zilizo nzito kidogo, nafuu na za kudumu. Ntaka imekwishaigharimu nchi hata kabla ya kuchimbwa: mgogoro wa leseni uliishia kwa Tanzania kukubali, Julai 2024, kulipa dola milioni 90.

Kwa sasa umeme unafaa safari fupi. Ruangwa hadi Nachingwea ni kama kilomita 50, na pikipiki ya umeme hutumia uniti tatu au nne kwa kilomita 100. Mwenye bodaboda anayelala na soketi nyumbani hana haja ya kituo chochote. Atakayetaka Leaf ya mtumba aangalie kwanza vijiti 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Cha kwanza hupotea betri ikishapoteza yapata asilimia 15, na betri ya gari hilo haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, jambo lililowaumiza wanunuzi wa joto kali la Arizona, Marekani, mwaka 2012.