Proksi inayoogopa Essex

Wadau, leo nina hasira jamani. Jana usiku nilikuwa maabara ya kompyuta, natafuta makala ya insha ya saikolojia ya elimu. Nikafungua essex.ac.uk, tovuti ya Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza. Proksi ya chuo ikanigomea! Kosa? Ndani ya "essex" kuna herufi s-e-x. Eti tunalindiwa maadili! Insha nimekabidhi nusu.

Kichekesho hiki ni cha kale. Mwaka 1996 AOL ilikataa kusajili watu wa mji wa Scunthorpe kwa sababu ya herufi zilizojificha kwenye jina hilo. Sisi bado tuko huko? Na wanaotaka picha chafu wana bando kwenye simu zao.

Najua intaneti ni ndogo na tuko wengi. Basi igawanywe! Squid, programu ya proksi ya bure kabisa, inaweza kumpa kila mtumiaji "ndoo" yake. Anayeshusha sinema ndoo inakauka, kasi inashuka. Anayesoma makala anapita zake.

Mwalimu akifunga maktaba kwa sababu ya herufi tatu, mtamwitaje? Semeni wadau.