Akiba ya Marehemu Isigeuke Ngawira

Wahenga walisema akiba haiozi. Usemi huo ni wa kweli maadamu mwenye akiba yu hai. Siku anapofumba macho, fedha alizozikusanya kwa makato ya mshahara wa kila mwezi katika chama cha akiba na mikopo huanza safari nyingine, na katika safari hiyo wako wanaofika na wako wanaochoka njiani. Wanaochoka mara nyingi ni mjane na watoto wadogo. Wanaofika mara nyingi ni wenye sauti nzito katika ukoo.

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Walimu, wauguzi na watumishi wa forodha wa Tunduma wametoka kila pembe ya nchi. Si ajabu kwa mwalimu mzaliwa wa Mwanza kufundisha Momba, kuweka akiba katika chama cha wafanyakazi wenzake, na kuoa katika ukoo wa Kinyamwanga wenye ndugu Nakonde, upande wa Zambia, kwa kuwa mpaka uliochorwa na wakoloni haukuuliza koo zinaishia wapi. Mwalimu huyo akifariki, wanaojiona kuwa na haki juu ya akiba yake watakuwa wametapakaa katika mikoa miwili na nchi mbili, na kila upande utakuwa na mila yake ya kuitolea ushahidi.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani kinachogombewa. Mwanachama anapofariki huacha hisa, akiba na pengine amana. Na mara nyingi huacha pia mkopo ambao haujakwisha. Chukuliwe mfano wa mtumishi mwenye hisa za shilingi 500,000 na akiba ya shilingi 3,000,000, ambaye bado anadaiwa shilingi 2,200,000. Kama chama hakikuukatia mkopo huo bima, deni litatolewa katika akiba, na warithi watabakiwa na shilingi 1,300,000. Kama mkopo ulikuwa na bima ya kifo, na bima hiyo ikalipa deni lote, warithi watapata shilingi 3,500,000 kamili. Tofauti ya shilingi 2,200,000 ni ada za shule za watoto. Hata hivyo wanachama wangapi, walimu wakiwa miongoni mwao, wanaweza kusema bila kusitasita kama mikopo yao ina bima au haina? Na pale deni linapozidi akiba, mzigo huwaangukia wadhamini, ambao nao ni watumishi wenye watoto.

Kawaida ya ushirika, ambayo mizizi yake katika nchi hii inafika hadi sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, ni kwamba mwanachama humtaja kwa maandishi mtu atakayepokea haki zake akifa. Busara ya kawaida hiyo ni dhahiri: fedha za mtu wa kipato kidogo zisiliwe na gharama za kuzitafuta. Lakini fomu hiyo hujazwa siku ya kujiunga na kusahauliwa siku hiyo hiyo. Kijana wa miaka 25 huandika jina la kaka yake. Baada ya miaka 20 ana mke na watoto wanne, na jina lililomo katika jalada bado ni la kaka. Chama kikimwita kaka, mjane atalia; kikimwita mjane, kaka atafungua shauri. Wala fomu hiyo si wasia. Humwonyesha mtunza fedha mlango wa kupitishia malipo. Haiondoi haki za watoto ambao majina yao hayakuandikwa.

Pasipo jina, au pakiwa na ugomvi, njia ni mahakama. Pale sheria ya mila au ya Kiislamu inapohusika, Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kumteua msimamizi wa mirathi, na kanuni za mwaka 1971 humtaka msimamizi huyo awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu katika muda wa miezi minne, au zaidi kama mahakama itaruhusu. Hapa pana kosa ambalo limeleta madhara mengi. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni pendekezo la jina tu. Uteuzi ni wa mahakama. Naye msimamizi aliyeteuliwa si mmiliki. Ni mtumishi wa warithi, anayekusanya mali, kulipa madeni, kugawa kilichobaki na kutoa hesabu. Anayekwenda na hati ya mahakama dirishani kwa chama, akachukua fedha na kujengea nyumba yake, ameiba, hata kama ni baba mdogo wa watoto hao.

Swali la sheria ipi ifuatwe ni zito. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane ana fungu lake linalojulikana: thumuni pale marehemu alipoacha watoto, na robo pale asipoacha. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, kwa upande wake, zilisema mjane hana fungu ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzitengua. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, iliamua kwamba wajane wawili wa nchi hii walikuwa wamenyimwa haki, ikataka sheria irekebishwe.

Katika suala la akiba za chama, hoja ya mila ni dhaifu zaidi kuliko mahali pengine popote. Shamba la ukoo lilikuwapo kabla ya ndoa. Akiba ya chama ilitoka katika mshahara ambao, kama haukukatwa, ungenunua unga na sabuni za nyumba hiyo hiyo. Mke aliyebana matumizi miaka 15 ili makato yaende chamani aliiweka akiba hiyo pamoja na mumewe, ingawa jina lake halimo kitabuni. Kumwambia siku ya arobaini kwamba hana chake ni kuchukua jasho la mtu na kuliita mila.

Viongozi wa vyama nao wana utetezi unaostahili kusikilizwa. Mtunza fedha anayemlipa asiyestahili anaweza kulazimika kulipa mara ya pili, na fedha hizo ni za wanachama wote. Tahadhari yake ni halali. Lakini tahadhari isiyo na muda hugeuka kuwa dhuluma. Mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zilipata kituo cha pamoja cha forodha, ili lori la shaba lisisimame mara mbili kwa ukaguzi ule ule. Ikiwa mataifa mawili yaliweza kukubaliana kumpunguzia dereva milango, chama cha walimu kinashindwaje kumpunguzia mjane milango katika mji mmoja?

Hatua zinazohitajika hazidai bajeti. Kila mkutano mkuu wa mwaka uwe na dakika za kuhakiki majina ya wapokeaji, kama unavyohakiki mahesabu. Kila mwanachama apewe taarifa ya maandishi inayoonyesha hisa, akiba, deni na kama deni lina bima. Bodi iandike katika masharti ya chama orodha ya hati zinazotakiwa mwanachama anapofariki, na siku ambazo malipo hayatazidi baada ya hati hizo kukamilika. Faili la marehemu liwe na ofisa mmoja anayelijibia. Maofisa ushirika wa wilaya nao, wanapokagua vyama, waulize swali moja rahisi: ni akaunti ngapi za marehemu zimefungwa mwaka huu, na ni ngapi zimelala?

Somo la ushirika ni kwamba wanyonge hujilinda kwa pamoja. Chama kinachokusanya kwa bidii na kulipa kwa kusitasita kimejifunza nusu tu ya somo hilo. Kwa mtumishi na mwalimu, kazi inaanza leo, akiwa na afya njema na kalamu mkononi: aende ofisini kwa chama chake, aombe jalada lake, asome ni jina la nani limeandikwa humo.