Aliyepimwa Kwanza Siye Aliyeleta

Miongoni mwa imani zinazowaumiza wanawake wanaoishi na Virusi vya UKIMWI (VVU) nchini Tanzania, ni chache zilizoota mizizi kama ile inayodai kwamba kati ya mume na mke, yule ambaye majibu yake yametoka kwanza ndiye aliyeuingiza ugonjwa nyumbani. Husemwa kwenye vikao vya ukoo, hurudiwa na mawifi na mashemeji, na mara nyingi huwa ndiyo hoja pekee inayotolewa pale mwanamke anapoambiwa afungashe virago arudi kwao. Imani hiyo ni ya uongo tangu msingi wake, kwa kuwa kipimo cha VVU hakikutengenezwa kujibu swali ambalo ukoo unakiuliza.

Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kuvamiwa na virusi. Kikizikuta, mstari wa pili hujitokeza, na habari zake zinaishia hapo: hakisemi virusi viliingia mwaka gani, wala vilitoka kwa nani. Mtu asiyetumia dawa anaweza kukaa miaka minane, kumi au zaidi bila dalili ya kumshtua, muda unaomtosha kuoa au kuolewa, kuachana, kufiwa na kuanza ndoa nyingine. Wapo pia wasichana waliozaliwa na VVU ambao leo ni wake za watu na mama wa watoto, na hao hawakupata virusi katika uhusiano wowote. Mke aliyepima na mume ambaye hajapima wanatofautiana katika jambo moja tu linalojulikana kwa hakika, nalo ni kwamba mmoja wao amekwenda kupima.

Sababu ya mke kutangulia si siri. Mjamzito anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza hupimwa wingi wa damu, shinikizo la damu, kaswende na VVU, kwa sababu bila huduma yoyote uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45, ilhali kwa dawa hushuka chini ya asilimia 5. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito anayekutwa na virusi dawa za kutumia maisha yake yote, bila kusubiri kinga yake ishuke. Mwanamume mwenye afya hana mlango wa namna hiyo wa kumpeleka mbele ya mpimaji, na anaweza kufika miaka 40 bila kuulizwa na mtu. Vipo vituo vilivyojaribu kuziba pengo hilo kwa kumtaka mjamzito aje na mwenza wake, na anayekuja peke yake aende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kuchukua barua, lakini utaratibu huo humtwika mwanamke mzigo wa kumburuta mtu asiyetaka kuja na kumwadhibu anaposhindwa. Matokeo yake ni ya kusikitisha: huduma iliyowekwa kumwokoa mtoto inageuzwa ushahidi dhidi ya mama yake.

Watetezi wa imani hii hukimbilia takwimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na asilimia 3.0 ya wanaume. Hata hivyo, kuwa wengi miongoni mwa walioambukizwa si kuwa chanzo cha maambukizi. Maumbile ya mwanamke humweka katika hatari kubwa zaidi katika tendo la ndoa, wasichana wengi huolewa na wanaume waliowazidi umri, wengine hulazimishwa, na zaidi ya hayo wanawake hupima na kushika dawa kuliko wanaume, kwa hiyo huishi muda mrefu zaidi na kuendelea kuhesabiwa.

Wenza wenye majibu tofauti, yaani mmoja akiwa na virusi na mwingine akiwa hana, ni jambo la kawaida katika Afrika Mashariki. Noerine Kaleeba wa Uganda, ambaye mumewe Christopher alifariki kwa UKIMWI mwaka 1987 baada ya kuambukizwa, kama ilivyoaminika, kupitia damu aliyoongezewa kufuatia ajali, alipopima alikutwa hana virusi, na mwaka huohuo aliongoza kuanzishwa kwa shirika la TASO la kuwahudumia wagonjwa. Familia ile haikuwa na msaliti wa kutafutwa. Wala haifai kuigeuza lawama na kudai kwamba wanaume ndio waletaji daima, kama wafanyavyo baadhi ya watetezi wa wanawake kwa nia njema, maana uchambuzi wa tafiti za wenza wa aina hiyo kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba katika karibu nusu yao mwenye virusi ni mwanamke. Anayejibu swali baya kwa kumtaja mshtakiwa mwingine amekwisha kulikubali swali lenyewe.

Gharama ya swali hilo huonekana kwenye kopo la dawa. Vidonge vya kufubaza virusi hupiga kelele kopo linapotikiswa, na mwanamke anayeishi na mashemeji huibandua karatasi yenye jina la dawa, huchomeka pamba ndani ili kopo linyamaze, au hufunga vidonge vichache kwenye pindo la kanga na kuvimeza chooni. Mama mkwe akija kukaa wiki mbili, dozi hurukwa. Ni wakati huo hatari inapozaliwa, kwa kuwa mtu anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane tena katika kipimo cha damu hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Utafiti wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2016, uliofuatilia mamia ya wenza wasiotumia kondomu, haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza wa namna hiyo. Imani inayojidai kuilinda nyumba ndiyo inayomzuia mwanamke kuilinda.

Sheria nayo haikuepuka mtego wa kumwelemea aliyepimwa kwanza. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na kulinda siri ya majibu, lakini inamtaka anayejijua kuwa na VVU amjulishe mwenza mara moja, na inahesabu kuambukiza kwa makusudi kuwa jinai. Wajibu huo unamwangukia anayejijua, na anayejijua mapema ni yule aliyepimwa kliniki. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2015 kifungu cha 24 cha sheria ya nchi hiyo kilichobeba masharti ya namna hiyo, ikiona kwamba maneno yake hayakuwa wazi na yaliingilia faragha.

Ukoo unaotaka kweli kusaidia una maswali mengine ya kuuliza: kama mume amepima, kama watoto wamepimwa, kama mwenye virusi ameanza dawa na anazimezea wapi, na kama asiye navyo ameelezwa kuhusu dawa kinga, yaani vidonge vya kumkinga asiambukizwe. Majibu yanapatikana bila malipo katika kituo kilekile cha afya alikotoka mke na kadi yake, na mume anaweza kwenda huko kesho asubuhi bila barua ya mtu yeyote.