AKILI YA MFANYAKAZI NI MALI YA TAIFA

Wako mabwana wakubwa wanaodhani kwamba mtumishi hafanyi kazi mpaka akemewe. Karani hajamaliza barua ya kwanza, ameletewa tano nyingine, na zote zatakiwa sasa hivi. Akikosea hesabu huitwa mvivu. Sisi tunasema huo si uvivu. Ni akili iliyochoshwa.

Mtu akitishwa, moyo humwenda mbio na mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Hali hiyo ikipita upesi haidhuru. Ikidumu siku hata siku, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, na mtu hushindwa kupima jambo kabla ya kukata shauri. Muuguzi wa namna hiyo atakosea dawa. Dereva wa namna hiyo atapindua basi na abiria wake.

Haya si maneno ya barazani. Uchunguzi ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa Serikali ya Uingereza mjini London ulionyesha kuwa waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo si wakubwa wenye madaraka mazito, bali wadogo wa vyeo vya chini. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985, ukaonyesha kuwa wasio na sauti katika kazi yao wenyewe ndio walioumia zaidi. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Hapa Tanzania Bara, sheria ya ajira ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa moja kwa afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Sheria iko, kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuisimamia.

Ndugu wanachama, hatutetei uzembe. Kazi lazima ifanyike. Lakini hatukuondoa ubwana wa mgeni ili mwenzetu akalie kiti kile kile na kutukana kwa sauti ile ile. Kiongozi awasikilize walio chini yake kabla ya kuwaamuru. Mfanyakazi naye asinung'unike pembeni. Apeleke shauri lake kwa chama chake cha wafanyakazi, waziwazi. Na sisi tulio katika ofisi za Chama tuanze kujisahihisha wenyewe.