Mabasi ya abiria nayo yafungwe mfumo wa gesi

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi, likalala, likaamshwa, likalala tena. Jambo lenyewe ni mpango wa kuyabadili magari yetu yaache petroli na dizeli yatumie gesi asilia. Siku hizi mpango huo umeamka, na tunasoma habari za vituo vipya vya kujazia gesi na foleni za bajaji. Hilo ni jema. Lakini nikitazama ni magari gani yanayobadilishwa, naona teksi, bajaji na magari madogo ya watu binafsi. Basi la abiria, hasa lile linalomchukua mkulima kijijini, karibu limesahauliwa. Hapo ndipo penye dukuduku langu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Kilwa. Gesi hiyo inatoka kwetu. Kisiwa cha Songo Songo kimo wilayani humu, na bomba linaingia nchi kavu pale Somanga Fungu, kisha linaelekea Dar es Salaam. Mwaka 2015 likafunguliwa bomba la pili, kubwa zaidi, linalotoka Mtwara. Barabara kuu ya kusini nayo inaelekea huko huko, na juu yake yanapita mabasi yanayokunywa dizeli iliyoletwa kwa meli kutoka nje na kulipiwa fedha za kigeni. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei za mafuta, watu wa huku hutega sikio redioni. Anayeuza samaki, anayesafirisha ufuta, na mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili, wote wanajua kwamba bei ile ndiyo nauli ya kesho.

Ndugu Mhariri, gesi hii iligunduliwa mwaka 1974. Mwaka huo huo ndipo lilipoundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Sisi tuliozaliwa baadaye tunasimuliwa na wazazi habari za Ikarus za kumbakumba, na jinsi mabasi yalivyopungua barabarani moja baada ya jingine, mpaka mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, ambayo wananchi waliyaita daladala kwa ajili ya nauli yake ya shilingi tano, yaani dala. Wanatusimulia pia jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Wakati wote huo gesi ilikuwa imelala chini ya ardhi yetu na bahari yetu. Ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa Masoko, nao ukafa. Gesi ilianza kutumika mwaka 2004, miaka thelathini baada ya kugunduliwa, ikapelekwa kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Sina ugomvi na hilo, maana umeme ulihitajika.

Habari ya magari ilianza mwishoni mwa miaka ya 2000. Ilianza kwa majaribio, na kwa miaka mingi ikabaki majaribio. Kituo cha kujazia kilikuwa kimoja, pale Ubungo. Mwenye gari akiambiwa afunge mfumo wa gesi alikuwa na haki ya kuuliza, nikitoka Ubungo nitajaza wapi tena? Na mwenye mtaji akiambiwa ajenge kituo aliuliza, magari ya kujaza yako wapi? Hivyo kila mmoja akamsubiri mwenzake. Kilichowaamsha ni bei ya mafuta ya mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, ambapo petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita na mwezi Juni ikabidi Serikali itoe ruzuku ya shilingi bilioni 100. Ndipo watu wakaanza kupanga foleni kwenye karakana, ikiwamo ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Mwaka 2025 TPDC nayo ilifungua kituo mama katika Barabara ya Sam Nujoma.

Sasa kwa nini teksi zimebadilishwa na mabasi hayakubadilishwa? Wengi husema wenye mabasi ni wazito. Mimi nafundisha somo la Sayansi na Teknolojia, na naona sababu kubwa iko ndani ya injini. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ukiipelekea gesi badala ya petroli, plagi ile ile itaiwasha, kwa hiyo fundi hufunga mtungi, mabomba na vifaa vya kupunguza mgandamizo, na gari hubaki na petroli yake kama akiba. Injini ya dizeli haina plagi. Yenyewe huigandamiza hewa mpaka ikapata joto kali, kisha dizeli ikinyunyizwa na nozeli inajiwasha. Gesi asilia haijiwashi kwa urahisi namna hiyo. Kwa hiyo ama uchanganye, dizeli kidogo ikaanzisha moto na gesi ikafanya sehemu kubwa ya kazi, ama ufungue injini, utoboe silinda hedi uweke plagi na upunguze mgandamizo, ama uitoe kabisa uweke injini iliyoundwa kwa gesi. Njia zote tatu zinataka fedha nyingi na mafundi waliosomea kazi hiyo. Basi la mikoani na Coaster nyingi zinatumia dizeli. Mpango ulioachwa ufuate urahisi ulikwenda kwa mwenye gari dogo la petroli, na faida ikaingia mfukoni mwake. Simwonei kijicho. Ila abiria wa daladala hakupata hata senti.

Tuangalie nauli zilivyokwenda. Mwaka 2022 LATRA ilipanga nauli ya basi la kawaida la mikoani kuwa shilingi 41.29 kwa abiria kwa kilometa. Mwishoni mwa 2023 ikawa shilingi 48.47. Kwa safari ya kilometa 300 mtu alikuwa analipa shilingi 12,387. Akaanza kulipa 14,541. Ongezeko ni zaidi ya shilingi 2,000 kwa safari moja, na anayekwenda lazima arudi.

Hesabu inayofuata niliwapa wanafunzi wangu wa Darasa la Sita na wakaiweza. Tuseme basi linatumia lita 100 za dizeli katika kilometa hizo 300, na dizeli ni shilingi 2,700 kwa lita. Hiyo ni shilingi 270,000. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya joto inayokaribia lita moja na theluthi ya dizeli, lakini injini iliyobadilishwa haina ufanisi kama ile ya awali, basi tusijipendelee, tuseme zitahitajika kilo 90. Kwa bei iliyozoeleka vituoni Dar es Salaam ya karibu shilingi 1,550 kwa kilo, ni shilingi 139,500. Kinachookolewa ni shilingi 130,500 kwa safari moja. Ukigawa kwa abiria 50 ni shilingi 2,610 kwa kila mtu. Hata kama nusu nzima itakwenda kulipia mitungi na kazi ya mafundi, inayobaki ni ahueni kwa kabwela.

Wengine wanaogopa moto, na woga huo usidharauliwe. Watu wengi wanachanganya gesi hii na ile ya kupikia. Ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kukusanyika. Gesi asilia ni nyepesi, ikivuja mahali pa wazi hupaa na kutawanyika. Lakini ndani ya mtungi hujazwa kwa mgandamizo wa mara 200 hivi ya ule wa hewa ya kawaida, na mtungi mbovu ukipasuka hauna msamaha. Jiji la Delhi, India, liliamriwa na Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile mwaka 1998 kuyahamishia mabasi yake yote kwenye gesi, na kufikia mwisho wa 2002 kazi ilikuwa imekamilika. Katikati ya safari hiyo baadhi ya mabasi yaliwaka moto, ikabidi ukaguzi ukazwe, na hawakuuacha mpango. Nasi tusije tukaruhusu mafundi wa chini ya mwembe kuifanya kazi hii. Nawaheshimu sana, wametengeneza pikipiki yangu mara nyingi, lakini hii si kazi ya nyundo na waya.

Wapo watakaosema, kwa nini tuhangaike na mabasi ya zamani, si tununue mapya ya gesi, kama yale ya mwendokasi ya njia ya Mbagala yaliyoanza kazi 2025? Kwa jiji nakubali. Mabasi ya dizeli ya njia ya kwanza, ile ya Kimara iliyoanza 2016, tuliyaona yalivyochakaa na kuogelea katika mafuriko ya Jangwani, na sitaki kuamini kwamba kila gofu linafaa kufufuliwa. Basi lenye bodi iliyooza liuzwe kama chuma chakavu. Lakini huku vijijini mwenye basi mara nyingi ana basi moja au mawili aliyoyanunua kwa mkopo, na hawezi kununua jipya kesho wala keshokutwa. Bodi ni nzima, viti ni vizima, kinachommaliza ni dizeli. Huyo ndiye wa kusaidiwa.

Tena asiambiwe kwamba injini kubwa haiwezi. Malori ya kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara yanatumia gesi, na yanapita barabara hii hii yakiwa na mzigo mzito kuliko abiria wowote. Kilichowezekana kwa mfuko wa saruji kimeshindikanaje kwa mwananchi? Tofauti ninayoiona ni kwamba kiwanda kina mtaji wa kununua magari na kujijengea mahali pa kujazia. Wenye mabasi madogo madogo hawana, wala hawajakusanywa pamoja katika ushirika wowote wakakopeshwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba Serikali isihesabu mafanikio ya mpango huu kwa idadi ya magari peke yake. Gari moja dogo humnufaisha mwenye nalo. Basi moja linabeba kijiji. Vituo vijengwe pale bomba linapopita, Somanga kikiwa cha kwanza, ili basi likitoka Dar es Salaam liwe na uhakika wa kurudi. Mikopo ya kubadili injini ianze na mabasi ya abiria. Na LATRA ipange nauli ya basi la gesi mbali na ile ya dizeli, iandikwe katika leseni, kwa sababu bila hivyo mwenye basi atabadili injini, nauli itabaki pale pale, na sisi tutaendelea kusimama kituoni tukipongezwa kwa kuwa na gesi.

Naomba wahusika wanijibu kupitia ukurasa huu mambo mawili tu. Je, katika magari yaliyokwisha kufungwa mfumo wa gesi, mabasi ya abiria ni mangapi? Na kituo cha kujazia magari katika Wilaya ya Kilwa, inakotoka gesi yenyewe, kitafunguliwa mwaka gani?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kilwa,
Lindi.